Kuchagua Shahada kwa Anayetaka Kuwa Mwalimu wa Kiingereza

Kila mwaka, mwezi Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, ofisi zetu za parokia hupata wageni wa namna moja. Ni vijana wenye bahasha mkononi, mara nyingi wakifuatana na mama zao, wanaoomba barua ya utambulisho na, baada ya barua, ushauri. Wengi wamesoma masomo ya sanaa, na wengi miongoni mwa hao husema kwamba wanataka kuwa walimu wa Kiingereza. Huwa tunawapongeza, tunawapa barua, tunawabariki, nao wanakwenda zao. Tumeiandika makala hii kwa sababu kwa mmoja wao baraka hiyo peke yake haikutosha.

Binti huyo, ambaye hatutamtaja jina wala kigango chake, alikuja kwetu akiwa na alama nzuri za Kiingereza. Akaomba chuo, akachaguliwa kusoma shahada ya isimu na lugha, na jumuiya yake ndogo ndogo ikasali na kushangilia kwamba sasa imepata mwalimu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kukodisha sehemu ya shamba ili kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Miaka mitatu baadaye alirudi na cheti cha ufaulu wa juu, akaomba kazi katika shule ya sekondari, akajibiwa kwamba yeye si mwalimu. Hakuwahi kusoma somo hata moja la ualimu, wala hakuwahi kusimama mbele ya darasa kwa mafunzo ya vitendo. Shahada yake ilikuwa halali na yenye manufaa kwa kazi nyingine, lakini haikumpa sifa ya kufundisha. Sisi ndio tuliosaini barua yake. Hatukumwuliza hata swali moja kuhusu jina la programu aliyoiomba, kwa kuwa nasi tulidhani kwamba anayesoma Kiingereza chuoni hutoka akiwa mwalimu wa Kiingereza.

Majina yanayofanana

Jambo la kwanza la kufahamu, basi, ni kwamba katika vyuo vikuu vyetu zipo shahada za aina tatu ambazo majina yake hukaribiana na ambazo mzazi asiyezoea mambo ya vyuo huziona kuwa ni kitu kimoja.

Ya kwanza ni ile ambayo katika mwongozo wa udahili huandikwa Bachelor of Arts with Education, yaani shahada ya sanaa pamoja na elimu. Hii ndiyo njia ya kawaida ya mwalimu wa sekondari. Mwanachuo husoma masomo mawili ya kufundishia, tuseme Kiingereza na Historia, na sambamba na hayo husoma elimu yenyewe: saikolojia ya mtoto na kijana, falsafa na historia ya elimu, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundishia kila somo. Kisha hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa kufanya mazoezi ya kufundisha, mbele ya wanafunzi halisi na chini ya macho ya mhadhiri anayemkagua.

Ya pili ni shahada ya elimu, Bachelor of Education. Hapa uzito umewekwa zaidi upande wa elimu yenyewe, na katika vyuo kadhaa mwanachuo huchukua somo moja tu la kufundishia. Kwa desturi, hasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada hii ililenga kuwaandaa wakufunzi wa vyuo vya ualimu, wakaguzi na waratibu wa elimu, ingawa wengi walioipata wanafundisha sekondari bila tatizo. Vyuo vingine huitumia kwa maana tofauti kidogo, na vipo vyenye shahada ya elimu ya msingi au ya awali. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Asomaye mwongozo na atazame orodha ya masomo yanayofundishwa ndani yake.

Ya tatu ni shahada ya sanaa isiyo ya ualimu: isimu, fasihi, au stadi za lugha. Ni elimu ya heshima. Hutoa watafsiri, wakalimani, waandishi wa habari, wahariri na maofisa wa mawasiliano. Lakini aliyeipata na akataka kufundisha hana budi kuongeza Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Matangazo ya ajira ya Serikali huieleza njia hiyo waziwazi: shahada ya ualimu yenye somo linalohitajika, au shahada isiyo ya ualimu ikifuatana na stashahada hiyo. Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa aliyekosea. Unagharimu tu mwaka wa nne, na ada ya mwaka huo, ambayo katika familia nyingi haipo.

Siku hizi umezuka pia mtindo wa vyeti vifupi vya kufundisha Kiingereza kwa wageni, vinavyopatikana mtandaoni kwa saa mia moja au zaidi kidogo. Vina faida kwa mtu anayefundisha watu wazima katika vituo vya lugha. Kijana asivitwae, hata hivyo, akidhani kwamba vitamwingiza katika utumishi wa ualimu wa Tanzania.

Mlango wa kuingilia huanza kidato cha nne

Kwa waliohitimu kidato cha sita kuanzia 2016, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka kiwango cha chini cha kudahiliwa shahada kuwa ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Aliyepata D mbili, basi, amefika, na aliyepata C na E amefika pia. Lakini hicho ni kizingiti cha Tume. Kila programu huongeza masharti yake, na programu za ualimu hutaka masomo uliyofaulu yawe ndiyo utakayofundisha.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana aliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili, yaani HGK, hakusoma Kiingereza kidato cha tano na cha sita. Aliyesoma HGE alisoma Uchumi mahali pa lugha. Kijana wa namna hii anaweza kuzungumza Kiingereza kizuri kuliko wenzake wote wa parokia, na bado chuo kikamkatalia kukichukua kama somo la kufundishia. Tahasusi zilizozoeleka kwa njia hii ni HGL, HKL na, kwa wanaopenda Kifaransa, KLF. Tangu 2024 idadi ya tahasusi imeongezwa sana, kwa hiyo mzazi asitegemee orodha aliyoijua zamani, aulize shuleni. La muhimu ni kwamba uamuzi huu hufanyika mtoto anapotoka kidato cha nne, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, na kwa kawaida hakuna mtu wa kukaa naye. Tunawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya waanzie hapo, wasisubiri bahasha ya kidato cha sita.

Anasoma nini, na kwa nini hakitoshi Kiingereza cha kuongea

Wazazi wengi hudhani kwamba mwanachuo wa Kiingereza hukaa miaka mitatu akijifunza kuongea. Sivyo. Anatarajiwa kufika akiwa anaongea. Anachofundishwa ni kukitazama Kiingereza kama fundi anavyoitazama saa iliyofunguliwa: sauti zake, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana, na jinsi watu wa tabaka na mahali mbalimbali wanavyokitumia. Upande wa fasihi husoma ushairi, tamthilia na riwaya, za Uingereza na hasa za Afrika.

Kwa mwalimu wa Tanzania elimu hii si pambo. Mwanafunzi wake amekuja na Kiswahili kichwani, na mara nyingi na lugha ya kabila chini ya Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, ukihesabu na zile za kuunganika. Kwa hiyo mtoto husikia "ship" na "sheep" kuwa neno moja, na kumpigia kelele hakumsaidii, kwa maana sikio lake halijafundishwa kuzitenga. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Kiingereza huuhamisha, hivi kwamba mkazo wa "photograph" hauko mahali ulipo katika "photographer". Kiswahili hakina vijineno "a" na "the", kwa hiyo mwanafunzi huviacha vyote au huvimwaga popote. Yeye wetu ni mwanamume na ni mwanamke, na ndiyo maana hata mtu mzima msomi humwita dada yake "he" katikati ya mazungumzo. Tunasema mezani, sokoni, nyumbani kwa kiambishi kimoja. Kiingereza hudai "on", "at" na "in", na sababu ya kila kimoja huwa ngumu kuieleza.

Tuchukue mfano mmoja tunaoupenda. Mtoto anaulizwa kwa Kiingereza kaka yake yuko wapi, naye anajibu: "He has slept." Mwalimu asiyejua isimu hukata kwa wino mwekundu na kuendelea. Mwalimu anayejua anaona kilichotokea. Mtoto alifikiri "amelala", na hicho kiambishi -me- katika vitenzi kama kulala, kusimama na kuchoka hakisemi tu tendo lililokwisha, husema hali iliyopo sasa. Kiingereza hutaka "is asleep". Mwalimu huyo atachukua dakika tano, ataandika ubaoni amelala, amesimama, amechoka, atauliza darasa Kiingereza kinasemaje, na kosa la mtoto mmoja litakuwa somo la darasa zima. Tofauti kati ya walimu hao wawili ndiyo familia inayoilipia ada.

Sisi tuliosoma seminari ndogo tunakikumbuka kile kibao cha mti kilichoning'inizwa shingoni mwa aliyekutwa akiongea Kiswahili siku ya Kiingereza. Jioni aliyekuwa nacho aliadhibiwa. Tulijifunza upesi njia ya kukikwepa, nayo ilikuwa kunyamaza. Baadhi yetu tulipita muhula mzima tukiongea kwa ishara uwanjani. Hatuwalaumu waliotulea, walifanya kama walivyofanyiwa. Lakini kijana anayekwenda kusomea kazi hii atapata chuoni njia zilizo bora kuliko kibao. Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, ambaye Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu mwaka 1950, alikumbukwa pamoja na mambo mengine kwa kuwafundisha watoto wa Ufaransa kusoma kwa kuanza na Kifaransa chao, wakati desturi ilikuwa kuanza na Kilatini. Mwalimu wa lugha ya kigeni asiyeidharau lugha ya mtoto yumo katika mapokeo mazuri.

Uzito wa jambo hili una historia ndefu nchini mwetu. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule na vyuo vyetu wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kusomea masomo yao. Zaidi ya miaka arobaini imepita. Anayefundisha kidato cha kwanza katika sekondari ya kata anajua kwamba mtoto akishindwa Kiingereza, ameshindwa pia Biolojia, Jiografia na Fizikia, kwa kuwa vitabu na mitihani yake vimeandikwa kwa lugha hiyo. Mwalimu wa Kiingereza hubeba masomo ya wenzake mgongoni. Mitaala iliyoanza kutumika 2024 inakitaka kifundishwe tangu darasa la kwanza, hivyo shule za msingi nazo zinamhitaji mtu anayekijua, wala si anayekibahatisha.

Jambo jingine ambalo wanaoomba hawalitarajii: somo la Kiingereza la sekondari lina sehemu ya kusoma vitabu. Mwanafunzi huulizwa katika mtihani juu ya riwaya, tamthilia na mashairi aliyoyasoma, kama vile Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o au The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka. Mwalimu asiyependa kusoma riwaya atawapa wanafunzi muhtasari ulionakiliwa, nao watamrudishia Baraza la Mitihani muhtasari huohuo, maelfu kwa maelfu. Kama kijana hajamaliza kitabu kizima kwa hiari yake tangu aanze sekondari, tunamshauri afikiri upya kabla ya kuandika Kiingereza kuwa chaguo la kwanza.

Somo la pili

Ataulizwa somo la pili la kufundishia. Wengi huchagua kwa urafiki, yaani lile alilochagua mwenzake. Kiingereza na Kiswahili ni ndoa nzuri kwa mtu wa lugha, na huuona upande wa pili wa makosa tuliyoyaeleza. Hufungua pia njia ya kuwafundisha Kiswahili wageni. Chuo cha lugha cha Makoko, Musoma, ambako wamisionari wengi wamejifunza Kiswahili, ni ushahidi kwamba kazi hiyo ipo. Kiingereza na Historia, au Jiografia, ni rahisi kupangiwa ratiba shuleni. Kiingereza na Fasihi ya Kiingereza humpa mtu kina zaidi, lakini shule zinazofundisha Fasihi ya Kiingereza kama somo la pekee ni chache, nyingi zikiwa za binafsi na za Kanisa, na hili lijulikane mapema. Kifaransa kina walimu wachache na shule chache pia.

Chuo gani

Hatutapanga vyuo kwa ubora, kwa kuwa chuo kizuri kwa huyu huenda kisimfae yule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vyuo vishiriki viwili vya elimu vilivyoanza 2005, kimoja Chang'ombe jijini Dar es Salaam na kingine Mkwawa, Iringa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, nacho huandaa walimu wengi. Kanisa Katoliki lina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino chenye makao yake Malimbe, Mwanza, kilichoanzishwa na maaskofu wetu 1998. Kutoka humo kimezaliwa Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, Moshi, ambacho mizizi yake ni chuo cha elimu hasa, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, Iringa. Aliye kazini au mwenye familia anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992. Ni njia ya watu wenye nidhamu. Asiyeweza kusoma bila kengele asijidanganye.

Sisi ni mapadre wa jimbo na ingetarajiwa tuseme kwamba Mkatoliki aende chuo cha Kanisa. Hatusemi hivyo. Tunasema aulize mambo haya kabla ya kulipa: programu hiyo imo katika mwongozo wa Tume wa mwaka huu? Darasa moja la mbinu za kufundishia Kiingereza lina wanachuo wangapi? Mazoezi ya kufundisha ni mara ngapi, na nani hugharamia nauli na chakula wakati huo? Mhadhiri hufika kweli shuleni kumkagua, au husaini fomu tu? Wanaojibu vizuri maswali haya ni wanachuo wa mwaka wa pili na wa tatu, na katika kila parokia wapo wawili watatu walio likizo mwezi Julai. Waketi nao baada ya Misa. Na pale penye chuo cha Kanisa chenye majibu mazuri, tutafurahi.

Yupo pia kijana ambaye shahada si hatua yake ya kwanza. Aliyepata daraja la I hadi la III kidato cha sita anaweza kusoma stashahada ya ualimu wa sekondari kwa miaka miwili, akaanza kazi, kisha akajiendeleza hadi shahada. Tume humdahili mwenye stashahada hiyo ikiwa amepata wastani wa B. Katika utumishi wa Serikali mwenye stashahada huanza kama Mwalimu Daraja la III B na mwenye shahada kama Mwalimu Daraja la III C, kwa ngazi ya mshahara iliyo juu zaidi. Kwa familia yenye watoto wanne wanaosubiri zamu yao, njia hiyo ya kuzunguka mara nyingi ndiyo ya busara. Tunasikitika inapodharauliwa kwa sababu tu haina joho.

Ada, mkopo na ajira

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, hukopesha kwa kuangalia uhitaji na kipaumbele cha programu. Masomo ya sayansi yametangulizwa, na ualimu wa sanaa husimama nyuma kidogo. Anaweza kupata asilimia ndogo ya ada au asipate kabisa mwaka wa kwanza. Familia iwe na mpango wa pili kabla ya Oktoba. Mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe, na kijana ajue hilo siku anayoweka saini.

Upande wa ajira tuseme ukweli ulivyo. Kwa miaka kadhaa matangazo ya Serikali yametoa nafasi nyingi zaidi kwa walimu wa sayansi na hisabati. Walimu wa sanaa wamesubiri, baadhi miaka mingi. Zamani mhitimu alipangiwa kituo. Sasa huomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na hufanyiwa usaili pamoja na wengine wengi. Miongoni mwa walimu wa sanaa, wa Kiingereza ana nafuu, kwa sababu shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, zikiwemo za majimbo na mashirika ya kitawa, humtafuta. Hizo humwita afundishe kipindi kimoja mbele ya mkuu wa shule kabla hazijasoma cheti chake. Shule za Kanisa humtazama pia kwa jicho jingine: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inataka walimu wa shule katoliki wawe watu wa mafundisho sahihi na maisha manyofu. Hatutaki mtu aigize uchaji siku ya usaili. Tunachotaka ni mwalimu asiyelewa kazini, asiyemgusa mtoto vibaya, na asiyeuza alama.

Kabla ya kuomba chuo, tumewaanzishia vijana jaribio dogo. Mwenye nia ya ualimu hupewa kundi la watoto wa kigango Jumamosi mbili, saa mbili kila moja, awafundishe Kiingereza cha darasa la tano kwa ubao na chaki. Wapo waliorudi wakiwa wameng'aa. Yupo aliyerudi akasema, "Baba, watoto wananichosha, afadhali nikasome uhasibu," na tulimshukuru kwa unyofu wake kuliko tulivyowashukuru wengine.

Karatasi

Tangu 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni, si kwa Tume. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja, na asiyethibitisha kwa wakati hupoteza nafasi. Kwa hiyo namba ya simu inayoandikwa iwe ya mwombaji mwenyewe. Tumeona maombi yaliyojazwa na kijana wa steshenari kwa namba yake yeye, na programu zikachaguliwa na yeye pia, kwa vile mwombaji alikuwa nje akisubiri apigiwe kelele kwamba imekubali. Binti tuliyemtaja mwanzoni aliombewa hivyo. Aliposema anataka Kiingereza, jamaa alibofya jina la kwanza alilolikuta lenye neno lugha.

Vyeti vya kuzaliwa vya waombaji wa mkopo, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, huhakikiwa na RITA, na kazi hiyo huchukua muda. Ianzwe Aprili au Mei, kabla ya matokeo. Majina yawe yaleyale katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha kidato cha sita. Kila mwaka tunaletewa cheti cha ubatizo ili kithibitishe kwamba Yohana wa shuleni ndiye John wa cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo ni hati ya Kanisa na tunakitoa kwa furaha, lakini hakirekebishi jina serikalini. Kwa hilo huhitajika kiapo mbele ya wakili au marekebisho ya kisheria ya jina.

Binti yetu sasa anasoma ile stashahada ya mwaka mmoja, kwa mchango wa jumuiya tatu na wa sisi tuliosaini barua yake. Atafanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari ya kata iliyo jirani na parokia, na mkuu wa shule hiyo ametuuliza kama anaweza kupewa kidato cha kwanza mikondo yote minne.